Ubeti wa Tatu

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mkewe Costancia aliyechukuliwa na mto Mkondoa, Mzee Timotheo alighani kanisani Kilosa shairi alilomtungia. Mwaka huu ugonjwa wa koo ulimwachia mnong'ono tu. Watu walijitolea kumsomea, akawakataa wote. Aliyemlilia Costancia ni yeye, hao wengine wangesoma tu.

Binti yake Doris, mpiga piano wa kwaya, akamfuata Mikumi, anakoishi mzee.

"Shikamoo, baba. Shairi nitalipiga kwa piano, bila maneno."

"Marahaba. Shairi bila maneno, mwanangu? Huo si ugali bila unga?"

Mwingine angeona haya. Doris alirudi mara tatu, na mara ya nne mzee akachoka naye, akaweka sharti. Angekuja kusikiliza Jumamosi, na kila ubeti ukifika angenyoosha vidole kuuhesabu. Akipotea popote, Jumapili, siku ya kumbukumbu, shairi halipigwi.

Jumamosi mzee akaketi benchi la mbele kanisani, fimbo magotini. Doris akaanza taratibu: asubuhi, ndoo ya nguo, njia ya kwenda mtoni. Mzee akanyoosha kidole kimoja. Mkono wa kulia wa Doris ukapanda juu, ukawa unakwenda na kurudi kwa wepesi, nguo zikipepea kwenye kamba. Vidole viwili. Kisha mafuriko. Hapo Doris alitumia mikono yote miwili, piano ikanguruma, radi zikapiga, jasho likamtoka, na kusema kweli alijiona bingwa.

Mzee hakunyoosha kitu. "Hiyo mvua ya wapi?" alinong'ona. "Umenipoteza." Akachukua kofia yake.

Doris aliumia. Miezi miwili ya mazoezi! Lakini hakuinuka kwenye kiti. "Kaa kidogo, baba," alisema, akafungua karatasi yenye mwandiko wa mzee. Ubeti wa tatu aliujua kwa moyo tangu utotoni, ila hakuwahi kuusikiliza: *Jua kali laangaza, kambani nguo zayumba*. Siku ile Kilosa hakukunyesha hata tone. Mvua ilinyesha mbali, milimani, na maji yakateremka kimyakimya huku watu wanafua.

Akaanza upya. Alipofika kwenye mafuriko, mkono wa kulia ukabaki na nguo zilezile, wepesi uleule. Wa kushoto ukagusa sauti moja nzito, chini kabisa, ukatulia. Ukagusa nyingine, karibu zaidi. Kisha nyingine. Juu, nguo bado zinapepea.

Fimbo ikaanguka sakafuni.

"Costancia," mzee alinong'ona, "toka majini."

Doris alikuwa analia, lakini hakuacha kupiga. Sauti nzito zikaja mpaka zikaufikia mkono wa kulia, nao ukakatika katikati ya mwendo wake. Alipogeuka, baba yake alikuwa amenyoosha vidole vitatu, na hakuvishusha.