Pembezoni mwa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku Mariette alipokuja kwenye meza yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, ninapochaji simu za watu kwa sola, nilimkatalia kabla hajaketi.

"Papa Greffier, useme tu kama F-9 ni miye," aliniomba.

Miaka kumi iliyopita, huko Kivu Kusini, nilikuwa greffier, yaani karani, wa mahakama ya kijeshi. Tulihamia ukumbi wa parokia kumsikiliza kapiteni ambaye askari wake walichoma kijiji. Majaji watano wenye magwanda walikaa mbele, na wanawake walitoa ushahidi nyuma ya pazia. Kwa usalama wao sikuandika majina. Kila mmoja alikuwa herufi na namba. Orodha ya majina ilitiwa kwenye bahasha ikapigwa lakiri, nami nikala kiapo kwamba sitataja hata moja.

Sasa kapiteni amemaliza kifungo, na watu wake wameanza kumuulizia Mariette hata huku kambini. Ameomba kuhamishiwa nchi nyingine. Wanaomhoji wanataka uthibitisho kwamba alishuhudia, la sivyo faili lake linafungwa Ijumaa. Na jalada la kesi linasema F-9 tu.

"Kiapo ni kiapo," nilimwambia.

Akalia. Niliona haya, kwa sababu aliyempa namba ile ni mimi.

Usiku sikulala. Nilikumbuka kazi yetu ilivyokwenda. Shahidi akimaliza, karani humsomea maneno yake yote. Akiridhika husema, "Ni vile nilisema," na karani huandika kwamba amesema hivyo. Likionekana kosa, hufuti. Unaandika sahihisho pembezoni na kutia saini yako.

F-9 alikataa kuridhika. Nilipomsomea kwamba watoto wake watatu waliuawa, alisema ni wanne. Wa nne alikuwa tumboni, akatoka kwa mateke ya askari. Nilimbishia kwamba sheria haimhesabu. Ilikuwa saa saba mchana, njaa inaniuma. Kanali aliyeongoza majaji akaniamuru, "Andika anavyosema."

Amri niliikumbuka vizuri. Kama niliandika kweli, au niliitikia tu ili tukale, hilo sikulikumbuka. Nilijichukia.

Alhamisi mimi na Mariette tulikwenda mjini Mbarara, kwa wakili wake, Kampire, ambaye ofisi yake iko mtaa wa Kamukuzi. Alikuwa ameletewa fotokopi ya jalada, lote kwa mwandiko wangu, kwa Kifaransa. Yeye Kifaransa hakijui, na Mariette hajui kusoma.

"Mzee, wewe najua huyu mama?" Kampire aliuliza.

"Mimi sijibu hilo. Muulize yeye, F-9 alimsahihisha karani neno gani?"

Mariette alinitazama, halafu akasema polepole, "Aliandika batoto batatu. Niliwambia ni bane. Mumoja alikuwa mu tumbo."

Kampire aliandika maneno hayo, akatia tarehe, akamwekea Mariette wino atie dole gumba. Ndipo aliponisukumia jalada.

Nilipekua. Ukurasa wa thelathini na tisa ulikuwa umekatwa ukingo na mashine, na wa arobaini vilevile. Kama wa arobaini na moja, wenye maneno ya F-9 kuhusu watoto wake, nao umekatwa, au kama ukingo wake ni mtupu, mama huyu nimemmaliza mimi, kwa ajili ya sahani ya chakula.

Ukingo ulikuwepo. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye hasira, wino umekandamizwa mpaka karibu karatasi ichanike.

"Soma, mzee," Kampire alisema.

Nilimsomea Mariette kwa Kiswahili, kama siku ile ukumbini: "Watoto waliouawa ni wanne. Wa nne alikuwa hajazaliwa. Imesahihishwa kwa kutaka kwake shahidi. Saini ya karani, Nicodème."

Mariette alisimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyowafundisha wasimame nyuma ya pazia.

"Ni vile nilisema," alisema.