Kukosoana kwa Upendo

Mwaka ule wanafunzi walipungua tena shuleni kwetu, kusini mwa Serbia, na sote tulijua kwamba walimu wawili wa hisabati ni wengi mno. Stamenka alibakiza miaka miwili astaafu. Gorica, shoga yake wa tangu chuoni, alibakiza mitatu. Mimi nafundisha jiografia, kwa hiyo yalikuwa hayanihusu, lakini macho ninayo.

Ndipo mwalimu mkuu, Tomislav, akatuletea semina. Bibi mmoja wa Belgrade mwenye miwani myekundu akatufundisha kwamba mwalimu hukua kwa kutazamwa na mwenzake: uketi darasani kwake, kisha umwambie jambo moja zuri na moja la kurekebisha. Kwa upendo, alisisitiza. Sisi tumetazamwa tangu enzi za chama cha kikomunisti, na dawa yake tunaijua: sifia, kunywa kahawa, nenda nyumbani.

"Jamani, tumekuwa maiti?" Stamenka akasema. "Mimi nataka kuambiwa ukweli. Gorica, njoo kwangu."

"Utaninunia."

"Nani, mimi? Miaka arobaini unaninywea pombe yangu ya rakija, nije nikununie leo?"

Basi Gorica akaenda kuketi darasani kwake. Kwenye kikao, mbele yetu sote, alimsifu kwa jinsi anavyofundisha hesabu za sehemu, na hakudanganya, hakuna aliyemfikia kwa hilo. Kisha akasema taratibu, "Wale wa nyuma wakijibu husikii, dada. Unawaambia 'vizuri' hata wakikosea. Wasogeze karibu."

Stamenka aliiva uso, halafu akacheka. "Kumbe ndiyo maana wote wamekuwa hodari!"

Tukaangua kicheko. Kesho yake akapanga madawati nusu duara, na nawaambia, darasa lilibadilika. Watoto waliokuwa wanasinzia nyuma wakaanza kubishana naye. Semina ilifanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Maana Tomislav hakucheka. Juni ilipofika akamweka Stamenka mbele ya kamati: mwalimu asiyesikia hafai darasani, na shahidi ni mwenzake mwenyewe. Gorica akasimama akilia, akaapa kwamba hakumaanisha hivyo.

"Ulisema au hukusema?" Tomislav akamuuliza, mshenzi yule.

Vipindi vyote akapewa Gorica.

Septemba, shule ilipofunguliwa, nilimsindikiza Gorica hadi kwa Stamenka. Stamenka akafungua mlango, aproni kifuani, mikono imejaa masizi ya pilipili za kuchoma.

"Nisamehe," Gorica akasema.

Stamenka akaweka kiganja sikioni. "Sema kwa sauti, shoga. Mimi sisikii, si uliwaambia?"

Gorica akarudia kwa sauti. Jirani akafungua dirisha.

"Bado."

Akarudia tena, sasa anapiga kelele, sauti inamkatika, mtaa mzima unatazama. Stamenka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.