Siku Saba Bila Kuguswa

Waliohudhuria kikao cha Kamati ya Gari la Usharika, Jumamosi, saa tisa alasiri:

Mama Joyce, Mwenyekiti.
Bwana Goodluck wa bandarini, mjumbe.
Dada Glory, muuguzi, mjumbe.
Mwalimu Petro, Katibu.
Kassimu wa Likombe, fundi wa kusafisha na kukinga rangi za magari, mwalikwa.
Mchungaji alitoa udhuru; alikuwa Newala kwenye mazishi.

Orodha hiyo niliiandika mwenyewe, dakika kumi kabla ya mtu yeyote kufika. Nimekuwa katibu wa kamati nyingi tangu nilipohitimu chuo cha ualimu na kupangiwa kazi Mtwara, miaka ishirini na mitatu iliyopita, na sijawahi kuanza kikao nikiwa na karatasi tupu. Siku hiyo, hata hivyo, kalamu ilisita kwenye jina la tano. Nilijua kwa nini Kassimu alikuwa ameitwa. Nilijua pia kwamba mwenye kosa alikuwa ameandikwa mstari mmoja juu yake.

Gari lilikuwa limeegeshwa uani pa kanisa, mbele ya baraza tulimokaa. Lilikuwa jipya kabisa, la rangi ya bluu iliyokoza, na safari yake ya kwanza na ya pekee ilikuwa ya kutoka Dar es Salaam. Kesho yake, Jumapili, lingebarikiwa mbele ya waumini wote, kisha lianze kazi ya kuwafikia wagonjwa wa mitaa ya mbali. Waumini walikuwa wamelisubiri kwa miaka sita.

Siku lilipofika, kamati iliamua rangi yake ikingwe mapema, kabla chumvi ya bahari na mchanga wa huku havijaanza kuila. Nilimpendekeza Kassimu. Nilimfundisha shule ya msingi, darasa la tatu hadi la saba, na nilimkumbuka kama mtoto aliyekuwa akifunika madaftari yake kwa magazeti bila kuombwa. Sasa ana banda lake Likombe, lenye sakafu ya saruji na pazia zito mlangoni la kuzuia vumbi. Alilishughulikia gari kwa siku mbili. Aliliosha, akalipitishia donge laini mfano wa udongo wa mfinyanzi ili kunasa chembe za barabarani, kisha akalipaka dawa ya kinga ambayo, alivyonieleza, hukauka polepole na kuwa ngumu kama kioo chembamba.

"Mwalimu, shikamoo," aliniambia jioni ya Jumatatu aliponikabidhi funguo. Gari lingelala kwangu Mtawanya, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na ua wenye lango na kibanda cha kuegesha.

"Marahaba, Kassimu. Nipe masharti yako."

"Sharti moja tu. Siku saba lisiguswe. Lisioshwe, lisifutwe. Likiingia vumbi, liache na vumbi lake, unipigie simu nije mimi."

"Hata vumbi kidogo?"

Alicheka. "Hasa hilo kidogo, Mwalimu. Vumbi ni mchanga. Ukilifuta kavukavu, unakwangua. Na dawa bado laini."

Nilimrudishia maneno yake yote, moja baada ya jingine, kama tulivyozoea kufanya darasani, ili kuthibitisha kwamba nimeelewa.

Nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo linaloniondolea kila kisingizio.

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba la mzee Yusufu, na alfajiri ya Jumanne, upepo ulipotulia, vijana wake walianza kupuliza salfa kwa mashine zao za mgongoni. Nilipotoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kazini, nililikuta gari limefunikwa na unga mwembamba wa manjano, kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Kulikuwa na mawingu, na kibandani mlikuwa na giza kidogo.

Ningeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mkononi. Lakini nilifikiri juu ya akina mama wa kwaya ambao wangepita asubuhi ile kuchukua ufunguo wa kanisa, na nikafikiri watasema nini wakilikuta gari la Bwana katika hali ile kwa mtu anayesifika kwa unadhifu. Niseme kweli zaidi: sikufikiri sana juu ya akina mama. Mimi siwezi kuona vumbi nikalipita. Tangu chuoni ni hivyo.

Nikaingia ndani, nikachukua kitambaa kipya cha flaneli, nikakikunja mara nne, nikafuta. Nilifuta kwa uangalifu mkubwa. Dakika ishirini baadaye gari lilikuwa linang'aa, nami nikaenda shule nikiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Siku ya pili, Kassimu alipiga simu.

"Mwalimu, habari za gari? Nimesikia huko kwenu wanapuliza. Halijaguswa?"

Nilikuwa ofisi ya walimu, na wenzangu wawili walikuwa wakisikiliza. Nikajibu, "Halijaguswa."

Neno moja tu.

Alhamisi jua lilichomoza kali. Nililitoa gari kibandani ili nifagie chini, na mke wangu, Esta, akasimama na ndoo yake mkononi.

"Baba Neema, njoo uone huku."

Katika jua lile kali mlango mzima ulikuwa na michirizi. Ilikuwa myembamba kama nywele, mamia kwa mamia. Ukisogea kivulini haikuonekana. Ukirudi juani ilikuwepo.

"Si ulifuta wewe Jumanne?" Esta aliuliza.

"Nilifuta."

"Basi mwambie Kassimu leo. Leo hii, si kesho. Jambo hili likilala litaota mizizi."

Nilimwambia kwamba nitamwambia. Likalala Alhamisi, likalala Ijumaa.

Jumamosi, nilipolileta gari uani pa kanisa kwa ajili ya matayarisho, Bwana Goodluck alikuwa wa kwanza kuiona michirizi ile. Yeye hukagua makontena bandarini. Hakuna mkwaruzo unaompita. Ndani ya saa moja Mama Joyce alikuwa ameitisha kikao na kuagiza Kassimu aitwe. Mimi ndiye niliyempigia simu.

"Hili gari limekwanguliwa na kuku?" Bwana Goodluck alianza hata kabla sala ya kufungua haijapoa.

"Kuku gani huyo anayetumia rula?" Dada Glory akamjibu. "Hebu angalia vizuri, kaka. Mistari imepangwa hiyo."

"Wewe muuguzi, kaa na sindano zako. Mambo ya mabati tuachie sisi."

"Mabati! Gari la Mungu unaliita mabati?"

"Jamani," Mama Joyce alisema, akigonga meza kwa funguo zake. "Kesho watu mia tano watalizunguka gari hili. Kassimu mwanangu, ulifanya nini?"

Kassimu alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, kofia yake ya viua magotini. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa na sababu ya kuvaa hivyo, na wote tuliijua: kampuni moja hapa mjini ilikuwa na magari mapya sita na ilitafuta fundi wa kuyatunza mwaka mzima. Walimtaka alete barua ya taasisi yoyote aliyoifanyia kazi. Kamati ilikuwa imemwahidi barua hiyo, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Jumatatu. Kwa barua hiyo angeweza kuajiri watu wawili na kuacha kulala na mashaka ya kodi ya banda. Bila barua, na neno la kanisa likimfuata nyuma, hakuna ambaye angempa hata pikipiki.

"Naomba nilione kwanza," alisema.

Tulitoka sote. Alichuchumaa mbele ya mlango wa dereva, hakugusa kitu. Aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akifuata mwanga. Alikwenda kwenye mlango wa nyuma akafanya vilevile. Kisha boneti. Alichukua muda mrefu, nami nilisimama nyuma yake nikiona anachokiona, kwa kuwa sasa, katika jua lile la alasiri, hata mimi niliweza kukisoma.

Kassimu hufuta gari kwa urefu wake, kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi upepo unavyolipita likiwa barabarani. Nilimwona akifanya hivyo bandani kwake. Michirizi ile haikwenda kwa urefu. Ilishuka. Ilianzia chini ya kioo, ikashuka wima hadi ukingo wa chini, kisha ikaanza tena juu, upana wa kitambaa kilichokunjwa mara nne, safu baada ya safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kila safu ikipanda kidogo tu juu ya ile iliyotangulia. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni kufuta ubao: juu kwenda chini, ili unga wa chaki udondoke na usiruke machoni mwa watoto. Nimefuta hivyo kila siku ya kazi ya maisha yangu. Na kwa miaka mitano, mtoto mmoja alikaa dawati la pili akiniangalia.

Kassimu aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Umeona nini?" Mama Joyce aliuliza.

"Limefutwa kavu, Mama. Likiwa na vumbi."

"Na nani?"

Alirudisha macho kwenye mlango wa gari.

"Kwa Mwalimu haliguswi," Bwana Goodluck alisema. "Huyu bwana hata kiatu anakivua kabla ya kuingia jikoni. Mwalimu, si lilikaa kwako muda wote?"

"Lilikaa kwangu," nilisema.

"Na kuna aliyeligusa?"

Nilifungua mdomo. Kassimu akaniwahi.

"Nilimuuliza Mwalimu Jumatano," alisema taratibu. "Aliniambia halijaguswa. Na mimi Mwalimu amenifundisha kusoma, Mama. Siwezi kusema neno juu ya neno lake. Basi, huenda ni kitambaa changu. Huenda kilibaki na mchanga na sikuona."

"Huenda?" Dada Glory alisema. "Kassimu, huenda si jibu. Ni wewe au si wewe?"

"Andikeni ni mimi."

Tulirudi barazani. Hakuna aliyefurahi; Mama Joyce alikaa akipangusa miwani yake kwa ncha ya kitenge kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akasema kwamba kamati haina jinsi, kwamba watu wamejinyima kwa ajili ya gari lile, na kwamba asingeweza kutia sahihi barua ya kumsifu fundi ambaye mwenyewe amekiri kosa. Kampuni ile ikiuliza, itaambiwa ukweli.

"Katibu, andika," alisema. "Kamati imejiridhisha kwamba uharibifu wa rangi umetokana na uzembe wa fundi."

Niliandika. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: mkono uliozoea kuandika unachoambiwa uliandika *Kamati imejiridhisha kwamba uharibifu wa rangi umetokana na*, kwa hati nzuri. Kassimu alikuwa ameshasimama. Alivaa kofia yake, akamuaga Mama Joyce, akamuaga Dada Glory, akampa mkono Bwana Goodluck. Kisha akaja kwangu, akainamisha kichwa kama anavyofanya kila anapokutana nami, barabarani au sokoni, tangu akiwa na miaka minane.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi natangulia."

Sikuweza kuitikia. Neno la kuitikia salamu ile ni la mtu anayestahili kuamkiwa, nami nililitafuta mdomoni nikalikosa. Alisubiri. Adabu haimruhusu mtoto kuondoka kabla hajaitikiwa, na Kassimu, mwanamume mwenye mke na banda lake, alisimama pale mbele yangu akisubiri ruhusa ya kwenda zake na lawama yangu.

"Mwalimu, unaumwa?" Dada Glory aliuliza.

"Kaa, Kassimu," nilisema. "Tafadhali, kaa."

Nilisimama mimi. Niliichukua karatasi nikaipasua katikati, na Bwana Goodluck akashtuka, maana hajawahi kuniona nikipasua karatasi.

"Aliyelifuta gari ni mimi," nilisema. "Jumanne asubuhi, kwa flaneli kavu, likiwa na salfa juu yake. Kassimu alinikataza, nikamrudishia katazo lake neno kwa neno, kisha nikalivunja. Aliponiuliza, nilimdanganya. Leo amebeba kosa langu mbele yenu kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu wake, na mimi nikamwacha alibebe hadi mlangoni."

"Mwalimu Petro!" Mama Joyce alisema.



"Naomba nimalize, Mama, maana nikikaa sitasimama tena. Nimeamua mambo haya. Ukatibu wa kamati hii nauacha sasa hivi, na Dada Glory ataandika kilichobaki cha kikao. Barua ya Kassimu iandikwe leo, nanyi mtie sahihi zenu. Yangu isiwemo, kwa kuwa haifai tena kumdhamini mtu. Na kesho, kabla gari halijabarikiwa, nitasimama mbele ya waumini wote, nitaonyesha michirizi ile kwa kidole, na nitasema ni ya nani."