Ganda Lililong'ang'ania

Pale uwanja wa shabaha, komeo la bunduki ya Nadine liligoma kufunguka. Alivuta, akasukuma, mwisho akalipiga kwa kiganja ndipo ganda tupu likatoka. Mumewe Orrin, aliyezijaza baruti risasi zao kwa mkono wake mle gereji, akasema ni joto la Agosti. Haya, joto. Wakangoja jioni ipoe, ganda likang'ang'ania tena. Sasa ikawa ni uchafu, kisha ikawa shaba ya maganda ya siku hizi haina maana. Kwa visingizio, mzee yule hana mpinzani.

Nadine hakuwa mgeni wa mambo hayo. Si risasi zote zilizogoma, lakini zilizogoma fataki zake, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, zilikuwa zimepondeka zikawa bapa. Hiyo ni baruti iliyozidi, na ikizidi zaidi bunduki humpasukia mpigaji usoni. Msimu wa kulungu nao ulikuwa mlangoni, na pale Idaho kulungu ndiye nyama yao ya majira yote ya baridi.

Chanzo alikijua. Siku hizi Orrin alikuwa akimimina kahawa nje ya kikombe. Lakini amwambieje? Tangu waoane hajapiga risasi isiyojazwa na mumewe. Wenzake huletewa maua. Yeye aliletewa risasi, kila moja imefutwa ikang'aa. Aliwaza kuzifungua kwa siri apunguze baruti mwenyewe, akaona haya. Mume si mtoto wa kudanganywa.

Akaenda gereji amwambie. Akamkuta ameinamia mizani ya baruti, pua karibu iguse sindano yake.

“Naona sindano mbili,” Orrin alisema bila kugeuka. “Nimekuwa nikichagua moja.”

Nadine alimwonea huruma na kumkasirikia papo hapo. Akamuuliza angenyamaza hadi lini.

“Nikiacha kukujazia risasi, mama, nitakufaa nini tena?”

Alimjibu kwamba ni mjinga wa mwisho na kwamba anampenda, yote kwa pumzi moja. Akavuta kiti akakaa penye mizani. Walizifungua zote wakaanza upya, yeye akisoma, Orrin akimimina kidogo kidogo hadi aambiwe basi.

Kesho yake uwanjani Orrin akanyoosha mkono apewe bunduki. Risasi ya kwanza ya kila fungu huipiga yeye, eti anapima shabaha. Shabaha gani! Miaka yote alikuwa akitanguliza uso wake, na Nadine ndiyo kwanza anaelewa.

“Leo naanza mimi,” akasema. “Mizani nimeisoma mimi.”

Orrin alirudisha mkono. Alisogea tu, akaweka shavu lake kando ya shavu la mkewe. Akaambiwa arudi nyuma. Hakurudi.