Dirisha la Malipo ya Mwisho

Mhasibu alipopeleka barua ya kuacha kazi, bosi, kwa huruma zake zinazojulikana, alimwomba jambo moja tu: mwezi wa notisi autumie kumfundisha mrithi wake. Akamfundisha kwa moyo mweupe.

"Mtu aliyeacha kazi akija dirishani kufuata malipo yake ya mwisho, usimtazame usoni. Pekuapekua makaratasi, guna kidogo, mwambie faili liko kwa bosi. Akirudi, bosi kasafiri. Akipandisha sauti, mwite ndugu yangu, umpe pole ya jua."

Kwa ustadi huo wenzake wengi waliondoka mikono mitupu, tena wakimshukuru, maskini!

Notisi ikaisha. Mhasibu akajipulizia manukato, akaenda dirishani kuchukua chake. Mrithi hakuinua macho. Alipekua makaratasi, akaguna.

"Faili liko kwa bosi, dada."

"Wee! Si mimi niliyekufundisha maneno hayo?" mhasibu alifoka. "Na bosi mwenyewe yule pale nyuma yako!"

Mrithi akageuka, akamtazama bosi akinywa chai, kisha akasema kwa upole:

"Kasafiri, ndugu yangu. Pole na jua."