Kigelegele cha Mama Lea

Taya la Praxeda wa Chumbageni lilikuwa likifika mlangoni kabla yake, na watoto wa mtaa hawakuacha kumwambia. Lakini kwenye kinywa hicho hicho kilitoka kigelegele kirefu, cha kukatika katikati na kupanda tena, ambacho watu wa Tanga walikialika harusini kama wanavyomwalika mpishi wa pilau. Mwaka jana akaenda Dar es Salaam, madaktari wakalikata taya, wakalirudisha nyuma, wakalifunga kwa vyuma. Akarudi mzuri, jamani, mpaka mumewe akawa anamsalimia kwa adabu.

Miezi ikapita, kiungo cha taya pale karibu na sikio kikaanza vituko. Kikawa kinalia akitafuna, hata ubwabwa. Daktari akampiga picha, akamweleza kwamba taya likihamishwa, kiungo nacho hubadilika. Chake cha kushoto kimelika na kulegea. Asipanue mdomo kupita vidole viwili, la sivyo kitachomoka. Praxeda akamuuliza kigelegele ni vidole vingapi. Daktari akacheka. Praxeda hakucheka, maana mwanawe wa pekee, Lea, alikuwa anaolewa, na kigelegele cha kwanza ni cha mama wa bibi harusi. Alikuwa amekingoja tangu siku aliyomzaa.

Wifi yake Imakulata akajitolea kumpigia, kwa roho safi kabisa, kama fisi anavyojitolea kulinda bucha. Akaongeza kuwa mkataa pema pabaya panamwita. Praxeda akamjibu kwamba atapiga mwenyewe, hata kama taya litadondoka sakafuni.

Siku ikafika. Padre akawatangaza mume na mke, kanisa zima likanyamaza likimsubiri mama. Praxeda akapanua. Ko! Taya likachomoka, mdomo ukabaki wazi, ikatoka pumzi tupu. Imakulata akavuta hewa ili apokee. Akamwona wifi yake anatokwa machozi, akaishusha ile hewa taratibu.

Ndipo bibi harusi, anayetakiwa kuinamisha uso, akageuka na shela lake, akamtazama mama yake, akapiga. Kirefu, kinakatika katikati kisha kinapanda tena. Padre akakohoa, wala hakusikika.

"Wifi," Imakulata akamnong'oneza, "hicho si chako hicho?"

Praxeda hakuweza kusema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, mate yakimtiririka mpaka kwenye kitenge cha sare, wala hakuyafuta.