Kifungu cha Tano

...nani anaunga mkono, anauliza Spika, na ni mimi, kila mtu humu katika bunge la jimbo anajua ni mimi, jana tulikubaliana ofisini kwa Gbadegesin tukila viazi vikuu na mayai, yeye atatoa hoja ya kukifuta kifungu cha tano na mimi nitasimama nimuunge mkono, maana hoja ikikosa wa kuiunga mkono inakufa palepale, na nani humu atabishana na mwalimu mkuu mstaafu habari za shule, "Mama, wewe simama tu, hata usiseme mengi," alisema, nami nikasema sawa, ahadi ni deni, kwa hiyo simama, Titilola, simama, miguu hii nayo... kilemba kinanibana tangu asubuhi, yule binti aliyenifunga alikikaza utadhani anafunga mzigo wa kuni, na Gbadegesin ameshaketi, anajipangusa jasho, ameongea vizuri, lazima niseme, kwamba muswada wenyewe hatuupingi, watoto wa shule za serikali wafundishwe kwa Kiyoruba madarasa matatu ya mwanzo, sawa, vitabu viandikwe, sawa, lakini kifungu cha tano kinachomfanya mwalimu kuwa mhalifu eti kwa sababu amemwadhibu mtoto aliyesema lugha ya nyumbani, hicho hapana, "tutawajaza walimu jela," kasema, wakacheka, nami nikacheka, maana kama ni jela basi wa kwanza kuingia ni mimi, miaka kumi na tisa mwalimu mkuu, kibao changu kilijulikana wilaya nzima... kibao cha mti, nilimwagiza seremala akipige randa vizuri kisiwachome watoto, huruma yangu ilikomea hapo, kimeandikwa kwa Kiingereza NIMESEMA KIENYEJI, ukikamatwa unavishwa shingoni mpaka umsikie mwenzako akiteleza umvishe yeye, na kengele ya kutoka ikilia aliyenacho anachapwa, na matokeo yetu yalikuwa ya kwanza, sikuyaota, ninao madaktari wawili na jaji mmoja, kila Krismasi wananipigia simu, Kiingereza chao kimenyooka, kwa hiyo sioni haya, simama basi...

"Mwalimu wetu amesinzia!" huyo ni Ropo, hawezi kumaliza dakika tano bila mzaha, tena kaisema kwa Kiyoruba, na Spika amecheka kicheko cha nyumbani kabisa kabla ya kukumbuka kanuni, "Mheshimiwa, Kiingereza tafadhali," na karani kainua kalamu hajui aandike nini, asubuhi nzima tunaitetea lugha yetu kwa lugha ya wengine, tukigombana tu au kutaniana ndipo inatuponyoka... mama yangu hakuwa na nyingine, alinisomesha kwa kuuza majani ya kufungia chakula sokoni na hadi anakufa hakujua kulisoma jina langu mlangoni pa ofisi, alikufa wakati wa mvua, tukamzika Ijumaa, Jumatatu nikarudi kazini kwa sababu shule haingoji mtu, na walimu wangu wakaniambia kwa Kiingereza kwamba wanasikitika, sorry, neno lilelile ambalo mtu anakuambia akikukanyaga mguu, wanasikitika, wanasikitika, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, walimu wazima wakikiogopa kibao kisichowahusu, nami nikawajibu asante, asante... "Kwa mara ya pili, nani anaunga mkono?" nasikia, Spika, ninasikia, nipe dakika... na Ayoka, mbona namkumbuka Ayoka leo, darasa la pili, miaka saba, akilelewa na bibi yake, alinikuta uwanjani asubuhi hiyohiyo, akakimbia, akapiga magoti yote mawili kwenye tope na sare yake, akasema, e ku asheyinde, ma, salamu anayopewa mtu aliyetoka kumzika mzazi wake, salamu ya watu wazima, na aliitamka bila kukosea hata kidogo, na darasa zima lilikuwa dirishani linangoja kuona nitafanya nini, nikamwambia, "Sema kwa Kiingereza."

Akafikiri, maskini, alifikiri kweli, midomo ikawa inachezacheza, "Ma, bibi amesema nikikuona nikuambie hivyo," "Kwa Kiingereza, Ayoka," na hakuna, hakuna Kiingereza cha salamu hiyo, mimi mwenye shahada nilikuwa nimesimama mbele yake nikikitafuta kichwani na sikukipata, nilijua palepale kwamba hakipo, na nikamwambia nenda ukalete kibao, akaenda, akakileta mwenyewe, akainamisha shingo nimvishe, na siku nzima hakumtega mwenzake hata mmoja, kengele ilipolia alikuwa nacho bado, na kanuni ni kanuni, na tangu hapo kila akiniona alisimama wima akanipa habari za asubuhi kwa Kiingereza safi, magoti hakupiga tena, salamu nyingine hakunipa tena, na mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake, maendeleo mazuri... Mungu wangu, niliandika hivyo kwa mkono huu... nina aibu, sasa hivi, hapa, kitini, mbele ya watu ishirini na sita, nina aibu, na Gbadegesin amegeuka mzima ananikodolea macho, ananong'ona, "Mama, vipi? Simama!" na Spika ameinua nyundo kwa mara ya tatu, na mimi nimeweka mikono juu ya magoti ninamtazama usoni wala siinuki, nilimzika mama yangu Ijumaa, na pale shuleni mtu mmoja tu alinipa pole inavyopasa, alikuwa na miaka saba, na nilimchapa.